Fikiri kwa Sauti

Nilifika na daftari, saa ya kuhesabu sekunde
na boksi la simu kumi mpya
Punta Arenas, huko chini dunia inakokaribia kwisha,
ambako upepo humkaba mtu kooni kama mdai
na wageni hukaa roshani wakisubiri meli ya Antaktika.

Nikapangiwa Yasna Mihovilovic,
miaka kumi na tisa ghorofa ya tatu.
Alianza kunitazama viatu.
"Utanifuata? Sawa. Usisimame mbele ya toroli."

Nikasema tulivyofundishwa kusema:
hatukupimi wewe, tunaipima programu.
Akacheka kwa pua.
"Hata mzani wa nguo chafu ulipoletwa
walituambia unapima nguo."

Nikaongeza: fikiri kwa sauti.
Lolote likupitialo kichwani, lisema.

301.
Mlango unafunguka, saa inaanza kukimbia kwenye skrini.
Glavu imelowa. Kidole kinagonga, simu haisikii.
Kinagonga tena. Kiziwi.
Anaivua glavu kwa meno,
anafuta kidole kwenye aproni,
anabonyeza NIMEINGIA,
anaivaa tena glavu, baridi na imegeuka nusu ndani nje.
Naandika: sekunde kumi na nane.
Naye, mtiifu, anafikiri kwa sauti:
"Nawaza goti.
Nawaza huyu aliyemla kaa juu ya shuka nyeupe,
alilelewa na nani."

302, 303.
Shuka anaipiga hewani mara moja tu
ikatua pembe kwa pembe, kama imeitwa jina.
Nilitafuta kitufe cha hilo.
"Nawaza mwanangu hajapiga simu.
Nawaza wewe umekula?"

Chini jikoni, Nolberto alikuwa ameivisha simu yake
mfuko wa nailoni wa kugandishia samaki,
akaning'iniza kwenye msumari karibu na sufuria.
Katika zote kumi, ni yake pekee
iliyofanya kazi siku nzima bila lawama.
Hilo nalo niliandika.

305.
Skrini inasema: CHAFU. MGENI AMETOKA.
Yasna anaweka sikio mlangoni.
Anasikiliza. Kimya kile kina mtu ndani yake.
"Hajatoka," ananong'ona.
"Mumewe yuko hospitali tangu Jumanne. Moyo.
Usiku anakesha naye, mchana ndipo analala.
Meli yao imeshaondoka."
Sekunde zinageuka nyekundu.
SAFI au CHAFU, hakuna cha tatu.
"Nibonyeze ipi?"

Kanuni yetu: mpimaji hasaidii.
Mpimaji hujibu swali kwa swali.
Nikamuuliza: ungefanyaje kama nisingekuwepo?

Alinitazama kidogo, vile mtu anavyotazama bomba linalovuja.
Akachomoa kalamu kwenye nywele,
akapandisha mkono wa sare mpaka juu ya kiwiko,
pale maji ya ndoo hayafiki.
Palikuwa na orodha nzima:
307 mto wa ziada. 311 mtoto, usipige hodi.
Akaongeza: 305 supu, saa nane.
Kisha akabonyeza SAFI.

Niliandika: *anadanganya.*
Nikakata.
Niliandika: *anarekebisha.*
Nikakata hilo pia.

Ijumaa niliwasomea ripoti wenzangu wa Santiago,
nyuso zao zimepangwa kwenye kioo kama funguo za mapokezi.
Vitufe viwe vikubwa. Visikie kidole chenye glavu.
Saa iondolewe.
Pawe na nafasi ya kuandika kwa mkono, hata kama ni ndogo,
hata kama hakuna mkubwa atakayeisoma.

Baltazar akasubiri nimalize.
"Vizuri. Na wastani kwa chumba ni dakika ngapi?"

Nikafungua daftari, nikashuka na kidole.
301 ina namba. 302 ina namba.
303, 304.
Mstari wa 305 mtupu.
Saa ile nilikuwa kwenye ngazi, nyuma ya Yasna,
nimeshika trei kwa mikono miwili.